Namna ya Kupunguza Mzigo wa Modeli ya Lugha: Mwongozo kwa Kazi za Kiswahili Zinazofanyika Lamu

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu mwenye laptopu ya kawaida yenye RAM ya gigabaiti 8, asiye na GPU (prosesa maalumu ya michoro), anayetaka modeli ya lugha, yaani programu iliyofunzwa kusoma na kuandika maandishi, imfanyie kazi ya Kiswahili bila kutegemea intaneti kila saa. Modeli zinazozungumziwa ni zile zilizojengwa kwa muundo wa transfoma, uliotangazwa na watafiti wa Google mwaka 2017 na ambao ndio msingi wa karibu modeli zote kubwa za lugha zinazotumika leo. Mbinu za kupunguza mzigo wa modeli hizo ni nyingi, na wengi huzirundika zote kwa pamoja kama mgonjwa anayemeza dawa za jirani kabla ya kupimwa. Kila mbinu hupunguza gharama ya aina fulani tu. Ukiitumia mahali ambapo gharama hiyo si tatizo lako, utakuwa umejichosha bure, na pengine umeiharibu modeli.

Ili maelezo yasielee hewani, tuchukue kazi moja tuifuate hadi mwisho. Ofisi ya ushirika wa wavuvi pale Langoni, mjini Lamu, hupokea jumbe fupi za simu kutoka kwa manahodha na wachuuzi wa samaki. Karani anataka kila ujumbe uwekwe katika fungu lake: bei ya samaki, hali ya bahari, nyavu zilizopotea, au maombi ya barafu. Kila mwisho wa juma anataka pia muhtasari wa ukurasa mmoja wa kusomwa kikaoni. Kazi hizi mbili zinafanana kwa mtazamaji, lakini kwa kompyuta zimeachana mbali sana.

Hatua ya kwanza: jua kinachokubana

Modeli hukudai vitu vitatu. Cha kwanza ni nafasi katika RAM. Modeli ya vigezo (namba ilizojifunza) bilioni 7 iliyohifadhiwa kwa biti 16, yaani baiti mbili kwa kila kigezo, inahitaji gigabaiti 14 kabla hujaiuliza lolote, kwa hiyo haiingii katika laptopu yako. Ukiilazimisha, mfumo utaanza kuhamisha vipande vyake kwenda na kurudi kwenye diski, na jibu la sekunde litakuwa la dakika nyingi.

Cha pili ni hesabu zenyewe. Kanuni nyepesi ya kukadiria ni kwamba kila tokeni (neno au kipande cha neno) inayopita ndani ya modeli hugharimu hesabu zipatazo mara mbili ya idadi ya vigezo, hivyo modeli ya bilioni 7 hufanya hesabu bilioni 14 kwa tokeni moja. Maelekezo ya tokeni 1,000 yatadai hesabu trilioni 14, na ikiwa prosesa yako inamudu hesabu bilioni 100 kwa sekunde, utasubiri sekunde 140 kabla ya kuona herufi ya kwanza ya jibu.

Cha tatu ndicho kinachosahaulika mno, nacho ni kasi ya kusafirisha data kutoka RAM hadi kwenye prosesa. Modeli inapoandika jibu, huandika tokeni moja baada ya nyingine, na kwa kila tokeni ni lazima isome vigezo vyake vyote upya kutoka kwenye RAM. Prosesa humaliza hesabu zake mapema, ikabaki inasubiri data ifike. RAM ya aina ya DDR4-3200 iliyochomekwa kijiti kimoja husafirisha kwa nadharia gigabaiti 25.6 kwa sekunde. Modeli ikiwa na ukubwa wa gigabaiti 4, gawanya moja kwa nyingine: tokeni 6 na kidogo kwa sekunde ndiyo dari yako, hata ukiwa na prosesa ya kuringia. Vijiti viwili vinavyofanya kazi kwa pamoja huipandisha dari hiyo hadi maradufu. Kwa hiyo, kabla ya kushika mbinu yoyote ya programu, funua laptopu uone kama ina kijiti kimoja na nafasi ya pili iko wazi. Kwa kazi ya kuandika, kijiti hicho cha pili kinaweza kukufaa kuliko nusu ya yaliyomo katika mwongozo huu.

Pima kwa saa, usipime kwa hisia. Andika muda wa kusoma maelekezo mbali na muda wa kuandika jibu, kwa sababu wa kwanza hubanwa na hesabu na wa pili hubanwa na usafirishaji wa data, na tiba zake ni tofauti. Pima pia baada ya kompyuta kufanya kazi kwa robo saa. Katika joto la kaskazi laptopu hujipunguzia kasi ili isiungue, na vipimo vya dakika ya kwanza vitakudanganya. Iache ikiwa imechomekwa kwenye umeme, kwani laptopu nyingi hupunguza kasi zikitumia betri.

Hatua ya pili: chagua modeli inayolingana na kazi

Kuuweka ujumbe katika fungu lake hakuhitaji modeli inayoandika. Kunahitaji modeli inayosoma, yaani ile inayoupitisha ujumbe mzima kwa mara moja na kutoa jibu moja. XLM-R ndogo, ambayo ilifunzwa kwa lugha 100, Kiswahili kikiwamo, ina vigezo vipatavyo milioni 278, na kati ya hivyo ni milioni 86 tu vinavyofanya hesabu katika tabaka zake 12. Vilivyobaki ni jedwali la msamiati, ambalo husomwa tu, halikokotolewi. Ujumbe wa tokeni 40 utaigharimu hesabu bilioni 7 hivi. Modeli ya vigezo bilioni 7 hutumia bilioni 14 kwa tokeni moja tu. Kwa maneno mengine, modeli ndogo humaliza ujumbe wote kabla kubwa haijafika hata nusu ya tokeni yake ya kwanza.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba uamuzi huu ufanywe kabla ya mbinu zote zinazofuata. Nimeona watu wakihangaika kuibana modeli kubwa ili iseme neno moja, «barafu», ilhali kazi hiyo ingefanywa na modeli isiyofika sehemu ya ishirini ya ukubwa wake. Iachie modeli inayoandika ule muhtasari wa mwisho wa juma, nao uandikwe usiku wakati hakuna anayesubiri.

Tatizo la modeli ndogo ni kwamba inahitaji mifano iliyokwisha kuwekewa mafungu, na ushirika hauna mifano hiyo. Hapa modeli kubwa hupata kazi yake halali: itumie mara moja, hata kwa kukodi kompyuta ya mbali kwa siku moja, iweke mafungu kwenye jumbe za nyuma, kisha mtu wa Amu (Lamu) azipitie na kusahihisha, halafu modeli ndogo ifunzwe kwa mifano hiyo. Njia ya kumfanya mwanafunzi ajifunze kwa mwalimu mkubwa ilielezwa na Geoffrey Hinton na wenzake mwaka 2015, nao walionyesha kwamba mwanafunzi hunufaika zaidi akipewa makadirio yote ya mwalimu kuliko akipewa jibu la mwisho peke yake. Yaani badala ya kumwambia «huu ni ujumbe wa bei», unamwambia mwalimu ameona bei kwa asilimia 70 na barafu kwa asilimia 25. Mwaka 2019 DistilBERT ilitengenezwa kwa njia hii, ikawa ndogo kwa asilimia 40 kuliko BERT, modeli ya kusoma iliyoizaa, na yenye kasi zaidi kwa asilimia 60, huku ikibaki na asilimia 97 ya uwezo wake katika majaribio ya kuelewa lugha.

Hatua ya tatu: shughulikia tokeni na msamiati

Kwa anayefanya kazi ya Kiswahili, hapa ndipo pana upotevu mkubwa zaidi, na miongozo iliyoandikwa kwa watumiaji wa Kiingereza huipita hatua hii bila kuitaja. Modeli haisomi maneno, husoma tokeni, na vipande hivyo hukatwa kwa kufuata maandishi yaliyotumika kuitengeneza. Ikiwa maandishi hayo yalikuwa ya Kiingereza kwa sehemu kubwa, kitenzi kama «hawakuturudishia» hukatwakatwa vipande visivyolingana na viambishi vyake, na kila kipande kinalipiwa hesabu na muda kamili. Chukua jumbe mia mbili za kweli, zipitishe kwenye kikata tokeni cha kila modeli unayoifikiria, kisha ugawe idadi ya tokeni kwa idadi ya maneno. Modeli moja ikikupa tokeni tatu kwa neno na nyingine moja na nusu, ya pili ina kasi maradufu kwa Kiswahili hata kama ukubwa wake ni uleule, na maelekezo yake huchukua nusu ya nafasi.

Upotevu wa pili umo ndani ya jedwali la msamiati. XLM-R ina tokeni zipatazo 250,000, na kila moja ina safu ya namba 768; zidisha, utapata vigezo milioni 192, karibu sehemu saba kati ya kumi za modeli nzima. Ndani yake mna herufi za Kichina, za Kigeorgia na za Kitamil, ambazo nahodha wa Matondoni hatazitumia kamwe. Utaratibu wa kuzipunguza ni huu. Kusanya maandishi mengi ya Kiswahili, kwa mfano makala za Wikipedia ya Kiswahili pamoja na jumbe zako mwenyewe. Yapitishe kwenye kikata tokeni. Orodhesha kila tokeni iliyotokea. Ongeza herufi zote mojamoja, tarakimu, alama za uandishi na tokeni maalumu za modeli. Kisha jenga jedwali jipya lenye safu hizo tu. Zikibaki tokeni 30,000, jedwali litakuwa na vigezo milioni 23, na modeli nzima itashuka kutoka milioni 278 hadi milioni 109 bila tabaka hata moja kuguswa. Watafiti wa lugha za Afrika walitumia njia ya aina hii mwaka 2022 na wakaipunguza modeli kwa takriban nusu.

Usitarajie kasi hapa, kwani modeli inayosoma hailijumlishi jedwali katika hesabu zake. Utakachopata ni nafasi katika RAM. Kwa modeli inayoandika mambo ni mengine, kwa kuwa hiyo hulazimika kulipitia jedwali lote kila inapochagua tokeni inayofuata. Tahadhari moja kwa wa huku kwetu: usizitupe herufi za Kiarabu kwa haraka. Zipo jumbe zinazoanza kwa salamu zilizoandikwa kwa hati hiyo, na siku mtakapotaka kuitumia modeli kwa maandiko ya zamani ya Kiswahili cha hati ya Kiarabu, mtakuwa mmeshajifungia mlango.

Hatua ya nne: punguza biti

Baada ya kuchagua modeli na kuisafisha, punguza biti za kila kigezo. Hii ndiyo mbinu yenye faida kubwa kuliko zote kwa modeli inayoandika, kwa sababu inapunguza nafasi na pia data inayosafirishwa, na usafirishaji ndio uliokuwa ukikubana. Kutoka biti 16 hadi 8 hasara ya ubora kwa kawaida ni ndogo kiasi cha kutoonekana. Biti 4 zinafaa kwa uangalifu. Chini ya hapo modeli ndogo huanza kupayuka.

Namna inavyofanyika ni rahisi kuliko inavyosikika. Vigezo hugawanywa katika makundi madogo, tuseme ya vigezo 32. Kila kundi hupewa namba moja ya kipimo yenye biti 16, kisha kila kigezo huandikwa kama hatua ndogo juu ya kipimo hicho. Biti 16 zikigawanywa kwa 32 ni nusu biti, hivyo «biti 4» kwa hakika ni 4.5, na modeli ya bilioni 7 huchukua karibu gigabaiti 4. Makundi huwa madogo kwa sababu kigezo kimoja chenye thamani kubwa kupita kiasi hulazimisha kipimo kitanuke, na vigezo vidogo vilivyo pamoja nacho vyote huangukia kwenye sifuri. Kadiri kundi lilivyo dogo, ndivyo kigezo kama hicho kinavyoharibu majirani wachache.

Programu ya llama.cpp, iliyoanzishwa na Georgi Gerganov mwaka 2023, hufanya yote haya kwenye prosesa ya kawaida, na modeli nyingi hupatikana zikiwa zimeshapunguzwa katika faili za GGUF. Unapoiendesha, weka idadi ya nyuzi za kazi ilingane na viini halisi vya prosesa, si viini vya kimantiki vinavyoonyeshwa na mfumo. Kuongeza nyuzi wakati RAM ndiyo inayobana hakuleti chochote isipokuwa joto. Modeli inayosoma inatosha kupunguzwa hadi biti 8 kwa programu ya ONNX Runtime, na ile yetu ya vigezo milioni 109 itakuwa na megabaiti kama 109 tu.

Hatua ya tano: jaribu kwa maneno ya hapa

Hasara ya kuipunguza modeli haigawanyiki sawa. Huelekea kuangukia kwanza yale yaliyokuwa adimu katika mafunzo yake, na Kiamu, lahaja ya Lamu, ni adimu kuliko Kiswahili cha magazeti. Mtu akiandika «ndoo na barafu» akimaanisha uje na barafu, modeli iliyozoea Kiswahili sanifu itaona ndoo ya kuchotea maji. Alama ya jumla ya asilimia 95 inaweza kuficha kwamba jumbe zote zilizokosewa ni za wazee wa Pate na Faza. Kwa hiyo tenga jumbe za majaribio ambazo modeli haijawahi kuziona, zigawe kulingana na namna zilivyoandikwa, yaani Kiswahili sanifu, Kiamu, na ule mchanganyiko wa vijana, kisha upime kila kundi peke yake kabla na baada ya kila hatua. Kundi moja likishuka sana, rudi biti 8, au ongeza mifano ya kundi hilo na ufunze upya.

Kwa kufunza upya modeli kubwa, tumia LoRA. Vigezo vya asili hubaki vilivyo, na pembeni ya kila jedwali huwekwa majedwali mawili membamba yanayofunzwa peke yake. Jedwali la 4,096 kwa 4,096 lina vigezo karibu milioni 16.8, LoRA ya upana wa 8 hufunza vigezo vipya 65,536 tu pembeni yake, chini ya nusu ya asilimia moja ya idadi hiyo. Kazi hiyo ifanyike kwenye GPU ya kukodi, na utakachorudi nacho kisiwani ni faili dogo. Fahamu tu kwamba LoRA hupunguza gharama ya kufunza, haipunguzi gharama ya kutumia. Mafunzo yakiisha, yaunganishe majedwali hayo na vigezo vya asili ili modeli isifanye hesabu za ziada.

Hatua ya sita: maelekezo, kumbukumbu na mafungu

Katika muhtasari wa mwisho wa juma, weka maelekezo yasiyobadilika mwanzoni na jumbe mpya mwishoni. Modeli huhifadhi matokeo ya tokeni ilizokwisha kuzisoma, na ikiwa mwanzo wa maandishi ni uleule, llama.cpp inaweza kuutumia tena bila kuukokotoa. Ukiweka tarehe ya leo katika mstari wa kwanza, kumbukumbu yote inayofuata hubatilika, na zile sekunde 140 zitarudi.

Kumbukumbu hiyo nayo ina bei. Llama 2 ya vigezo bilioni 7 huhifadhi nusu megabaiti kwa kila tokeni kwa biti 16, hivyo tokeni 4,096 hujaza gigabaiti 2. Mistral 7B, iliyotolewa mwaka 2023, imefanya vichwa vinne vya umakini (sehemu zinazoihusisha kila tokeni na nyingine) vishiriki kumbukumbu moja, na kwa hiyo inatumia robo tu ya kiasi hicho. Kwenye RAM ya gigabaiti 8, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama kivinjari kinaweza kubaki wazi.

Kuhusu mbinu za kuuharakisha umakini wenyewe, ambazo ndizo zinazoandikwa sana, piga hesabu kabla ya kusisimka. Ni kweli gharama ya umakini hukua kwa mraba wa urefu wa maandishi, lakini katika modeli yenye safu za namba 768 gharama hiyo huzifikia hesabu nyingine pale tu maandishi yanapofika tokeni zipatazo 4,600. Kwa ujumbe wa tokeni 40 ni chini ya asilimia moja ya kazi yote. FlashAttention ya mwaka 2022 ni kazi nzuri sana kwa wenye GPU na maandishi marefu. Kwa jumbe za ushirika haitakuokolea chochote. Kupogoa vigezo kimojakimoja, yaani kuvifanya sifuri, ni vivyo hivyo, kwa kuwa prosesa ya kawaida huzidisha sifuri kwa muda uleule inaozidishia namba nyingine. Ukitaka kupogoa, ondoa tabaka zima kisha uifunze modeli upya kwa muda mfupi.

Kinachosaidia kweli ni kukusanya jumbe nyingi na kuzipitisha kwa pamoja; hapa «fungu» ni kusanyiko hilo, si aina ya ujumbe. Modeli inaposoma vigezo vyake mara moja kwa ajili ya jumbe 16, ile gharama ya kusafirisha data hugawanywa kwa 16. Jumbe zipangwe kwa urefu kwanza, kwa sababu ndani ya fungu moja fupi hujazwa tokeni tupu hadi zilingane na ndefu kuliko zote, na tokeni tupu hukokotolewa kama nyingine. Ujumbe mmoja wa malalamiko wa tokeni 300 ukichanganywa na kumi na tano za «bei ya changu leo?», fungu lote litalipia 300. Weka kikomo cha tokeni 128 kwa mafungu ya kawaida, na zile ndefu zipite peke yake mwishoni. Karani akiona ujumbe wa nyavu zilizopotea unachelewa kwa sababu unasubiri fungu lijae, ongeza sharti la muda: fungu liondoke likijaa, au zikipita sekunde 30, lolote litakalotangulia.